Chai imekatika, nyama imekuwa uji: tutafute kosa

Mwezi wa Ramadhani simu yangu haitulii. Saa kumi na mbili kasoro, watu wanasubiri adhana, mtu anapiga: "Bi mkubwa, chai imekatika, na wageni wameshafika." Mimi natengeneza mtindi na jibini hapa Tanga mjini, basi majirani wamenifanya fundi wa kila kilichoharibika jikoni. Nilianza kuandika majibu kwenye daftari kwa sababu maswali yalikuwa yaleyale kila mwaka. Hapa nimeyapanga kwa dalili. Tafuta yaliyokupata, soma, kisha urudi jikoni ukapime.

Kwanza tumjue mtuhumiwa. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kitu kingine bila yenyewe kuisha. Vingi ninavyovitaja hapa kazi yake ni kukata: vinashika uzi mrefu wa protini ya maziwa au nyama na kuukata vipande. Mimi huviita vibarua. Kibarua huyu hajui kwamba kazi uliyomwitia imekwisha. Atakata tu, mpaka joto limuue, kwa maana naye ni protini na joto linamvuruga kama linavyoivisha yai. Kwa hiyo mtu akinipigia huwa naanza kwa kuuliza: kibarua alikufa kabla ya kazi, alichelewa kufa, au aliingia bila kualikwa? Asilimia kubwa ya simu zangu huishia kwenye mojawapo ya hayo.

Chai ya maziwa ya tangawizi imekatika

Kila mtu humtukana muuza maziwa kwanza. Msimtukane kabla ya kupima. Chukua kikombe cha maziwa yaleyale, yachemshe peke yake, bila majani wala sukari wala tangawizi. Yakikatika, basi kweli yameshaanza kuchacha: bakteria wamegeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na protini ya maziwa ikishaonja asidi haivumilii moto. Hayo maziwa ya asubuhi yalizunguka juani mpaka saa saba ndiyo yakakufikia. Mtukane sasa, una ushahidi.

Yakichemka salama, mkosaji ni tangawizi yako. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zinjibaini, na kinafanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye joto la karibu nyuzi 60. Sasa fikiria tunavyopika: maziwa baridi, maji, tangawizi iliyotwangwa, vyote sufuriani pamoja, mkaa wa taratibu. Maziwa yanapanda polepole, yanapita kwenye nyuzi 50, 60, 70, na muda wote huo kibarua anakata. Yakifika kutokota, kibarua anakufa, lakini keshamaliza kazi. Wewe unaona vipande vyeupe vinaelea juu ya maji ya njano.

Dawa yake haina gharama. Chemsha tangawizi na maji na majani kwanza, yatokote dakika tano hivi, ndipo utie maziwa. Ukisahau ukawa umeshabandika maziwa, ngoja yatokote kabisa kabla ya kutia tangawizi, na usipunguze moto. Tangawizi ya unga iliyokauka huleta shida hii mara chache, kwa sababu kukaushwa kumepunguza nguvu ya kimeng'enya.

Kusini mwa China, mkoani Guangdong, watu hufanya kosa hili kwa makusudi. Humimina maziwa ya moto yenye sukari juu ya maji ya tangawizi mbichi, yakatulia bakulini na kuganda, wakala kwa kijiko. Nimejaribu, ni tamu. Lakini mgeni wa futari ukimpa hivyo atadhani umemfanyia makusudi kweli.

Jibini haigandi kabisa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa inapopotea. Mji wetu ni wa maziwa. Wafugaji wadogo wapo kuanzia Pongwe na Muheza mpaka milima ya Lushoto, kiwanda cha Tanga Fresh kinakusanya kwao, na kule Lushoto shamba la Irente linatengeneza jibini. Jibini ya nyumbani, hata hivyo, bado ni ngeni kwetu, na wengi wanaoanza wanakata tamaa siku ya kwanza: wametia reneti, ile dawa ya kugandishia maziwa, wamesubiri saa nzima, maziwa yako vilevile.

Ujue kwanza kinachotakiwa kutokea. Karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kaseini, nayo inaelea kwenye maziwa ikiwa mafungu madogo sana. Kila fungu limevaa manyoya ya aina moja ya kaseini, iitwayo kapa, na manyoya hayo ndiyo yanayozuia mafungu yasigandane. Reneti ina kimeng'enya kiitwacho kaimosini. Uzi wa kaseini kapa una viungo 169, na kaimosini anaukata mahali pamoja tu, kati ya kiungo cha 105 na cha 106. Manyoya yananyolewa, mafungu yanashikana kwa msaada wa kalsiamu, maziwa yanakuwa bonge. Ni kibarua mstaarabu huyu, mwenye kukata sehemu moja akaacha nyingine. Mkumbuke, nitamlinganisha na papai baadaye.

Kosa la kwanza la kuangalia ni kuchemsha. Sisi tumelelewa kuchemsha maziwa mpaka yapande na kumwagikia jiko, na kwa maziwa ya kunywa ni desturi nzuri. Lakini yakichemka hivyo, protini nyingine za maziwa, zile zinazobaki kwenye maji ya jibini, zinavurugika na kujibandika palepale kwenye manyoya ya kapa. Kaimosini anafika, anakuta mlango umezibwa. Hata akifaulu kukata, mafungu hayashikani vizuri. Maziwa ya boksi ya muda mrefu yamepita joto kali zaidi ya hapo, kwa hiyo usihangaike nayo. Unachotaka ni kuua vijidudu bila kuvuruga protini: nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, halafu poza haraka mpaka nyuzi 32 hivi. Bila kipimajoto usianze. Kidole hakijui tofauti ya nyuzi 63 na 75.

Kama hukuchemsha, tazama joto la wakati wa kutia reneti. Chini ya nyuzi 20 kaimosini anasinzia, na ukimtia kwenye maziwa yaliyobaki na nyuzi 60 kwa sababu una haraka, umemuua mlangoni. Kati ya 30 na 35 ndipo pa kufanyia kazi.

Kisha maji. Reneti huchanganywa na maji kidogo kabla ya kutiwa, isije ikaganda upande mmoja. Mwaka fulani nilimwaga lita 20 za maziwa nikilaumu chupa ya reneti, nikanunua nyingine, nikamwaga tena kumi. Kumbe mtaani kwetu bomba lilikuwa limetengenezwa, na maji yalikuja na klorini inayonuka mpaka kwenye kikombe cha chai. Klorini huharibu kimeng'enya ndani ya dakika chache. Siku hizi natumia maji yaliyochemshwa na kupozwa, na nachanganya wakati huohuo wa kutia, sichanganyi asubuhi nikatumia mchana.

Mwisho, chupa yenyewe. Reneti ya maji inataka friji. Ikisafiri kwenye basi kutoka Dar es Salaam ndani ya begi juani, inafika imedhoofu. Pima hivi: siku unayofungua chupa mpya, tia tone moja kwenye glasi ya maziwa yenye nyuzi 35, koroga, kisha inamisha glasi kila baada ya muda mfupi uone vichembe vya kwanza vinapojitokeza ukutani. Andika dakika kwenye daftari. Ukiwa na mashaka miezi mitatu baadaye, rudia kwa maziwa ya aina ileile. Muda ukiwa umeongezeka mara mbili, nguvu imeshuka karibu nusu. Ni kipimo cha kienyeji, lakini kimeniokoa mara nyingi kuliko tarehe iliyobandikwa kwenye chupa.

Inaganda, lakini laini, inavunjika ovyo na maji yake ni meupe

Bonge zuri ukilichoma kisu na kuinua, linapasuka kwa mstari safi na maji ya kijani-njano yanajitokeza kwenye ufa. Lako linalegea kama mtindi wa jana, na maji yake meupe yanakuambia kwamba mafuta na protini vinaondoka nayo. Hapa reneti mara nyingi haina hatia. Imekata, ila mafungu yamekosa cha kushikana nacho.

Maziwa yaliyokaa kwenye ubaridi siku mbili, au yaliyopashwa moto hata kwa kiasi kinachofaa, hupungukiwa kalsiamu ya kutumika. Rudisha kwa kloridi ya kalsiamu ya chakula: gramu 2 kwa lita 10, iyeyushwe kwenye maji kwanza, itiwe kabla ya reneti. Usizidishe ukidhani unaongeza uimara, utaongeza uchungu.

Kama kalsiamu haikusaidia, nenda zizini. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi bado ni dang'a, mchanganyiko wake wa protini ni mwingine kabisa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele anatoa maziwa yenye kaseini pungufu, na mbaya zaidi yanakuja na kibarua mgeni, plazimini, kinachotoka kwenye damu ya ng'ombe mwenyewe na kuanza kukata kaseini kabla hujabandika sufuria. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibayotiki anaweza asionyeshe kasoro yoyote machoni, lakini dawa iliyomo kwenye maziwa inaua bakteria wako wa kuanzishia, wale unaowatia kuchachusha maziwa, asidi haipandi, na reneti bila asidi kidogo inajikokota. Muulize mfugaji kwa adabu. "Kaka, kuna aliyetibiwa wiki hii?" Ukimuuliza kwa ukali atasema hapana.

Na kuna maji. Laktomita, kipimo cha kuonyesha uzito wa maziwa, inauzwa, ijifunze: maziwa mazima husoma kati ya 1.028 na 1.032 hivi, kwa joto ambalo kipimo chako kimeandikiwa. Ikisoma chini ya hapo, bonge lako limelegezwa na ndoo ya mtu.

Maziwa ya mbuzi huganda laini zaidi ya ya ng'ombe hata yakiwa salama, ni maumbile ya kaseini yake. Ya ngamia ndiyo kabisa, reneti ya ndama hushindwa nayo. Sijawahi kupata reneti ya ngamia, kwa hiyo nayaacha.

Jibini imekuwa chungu baada ya wiki chache

Huyu ni kibarua aliyechelewa kufa. Reneti haitoki yote na maji. Sehemu inabaki ndani ya jibini, na polepole inaendelea kukata kaseini mahali pengine ambapo haikutakiwa. Baadhi ya vipande vinavyopatikana vina uchungu mkali, ule unaokamata nyuma ya ulimi. Bakteria wazuri wangevimalizia kuvikata vikawa vidogo visivyo na uchungu, lakini kama walikuwa wachache au dhaifu, vinabaki.

Swali langu la kwanza huwa ni hili: ulitia reneti kiasi gani? Jibu huwa "nilizidisha kidogo ili iwahi." Kumbe kidogo hicho ndicho unachokionja leo. Fuata kipimo cha chupa, na kama bonge linachelewa tafuta sababu kwenye joto na kalsiamu kama tulivyosema, usiongeze matone. Swali la pili ni chumvi, maana chumvi humpunguza kasi, na jibini isiyo na chumvi ya kutosha huwa chungu mapema. La tatu ni aina ya reneti. Nyingi za bei nafuu madukani zinatokana na ukungu, na hizo hukata ovyo zaidi kuliko kaimosini. Kwa jibini ya kuliwa wiki hiihii hakuna tatizo. Kwa ya kuweka miezi, utauona uchungu.

Kuhusu aina, wateja wangu wengi ni Waislamu na wananiuliza reneti imetoka wapi, nao wana haki ya kuuliza. Reneti ya asili hutoka kwenye tumbo la ndama, na uhalali wake watu huutazama kwa namna ndama alivyochinjwa. Ile ya ukungu haina mnyama. Ipo na ya tatu, kaimosini inayotengenezwa na vijidudu vilivyopewa jeni ya ndama. Marekani waliiruhusu mwaka 1990, na leo jibini nyingi duniani zinagandishwa nayo. Soma lebo, na kama lebo imeandika "vimeng'enya" tu ikanyamaza, mwandikie muuzaji akujibu.

Vipi utomvu wa papai badala ya reneti? Swali hili huja kila nikifundisha. Maziwa yataganda, ndiyo, hata mbele ya macho yako. Lakini papaini, kimeng'enya cha utomvu huo, si mstaarabu kama kaimosini. Anakata kila anapofika. Utapata jibini kidogo, laini, na chungu, na protini nyingi umeimwaga na maji.

Jibini iliyojaa vitundu na kuvimba kama sponji siku ya kwanza haihusiani na vimeng'enya vyako. Ni uchafu, bakteria wa kinyesi wanatoa gesi. Tupa, usionje, chemsha vyombo na kitambaa.

Maziwa mabichi yana ladha ya sabuni

Hapa tunatoka kwenye protini kidogo, lakini simu zake ni nyingi. Maziwa hayajachacha, hayakatiki, ila yana ladha ya sabuni au mafuta ya zamani. Tazama yamefikaje. Dumu lililojaa nusu, nyuma ya bodaboda, njia ya vumbi na mawe kutoka shambani. Kila mruko unapasua ngozi ya vitone vya mafuta, na ndani ya maziwa mabichi kuna kimeng'enya cha kukata mafuta kilichokuwa kinasubiri nafasi hiyo tu. Jaza dumu mpaka shingoni yasitikisike, yapoze kabla ya safari, na ukifika yapashe moto mapema. Kimeng'enya hicho ni mwepesi wa kufa.

Kinyume chake ni vile vya bakteria wanaopenda baridi. Maziwa yakikaa kwenye friji siku tatu nne kabla ya kuchemshwa, bakteria hao wanaongezeka polepole na kuachia vimeng'enya vyao. Ukichemsha, bakteria wanakufa wote, vimeng'enya vyao vingine vinabaki hai. Ndiyo sababu hata maziwa ya boksi yanaweza kuanza uchungu na kutengeneza utando mzito chini kabla ya wakati wake, kama yaliingia kiwandani yakiwa yamechelewa. Mtu aliyechemsha anasema "lakini nilichemsha!" Ulichemsha, ila siku ya nne.

Mishkaki: juu uji, ndani mpira

Kijana mmoja anayechoma Ngamiani aliniletea sahani nzima kama polisi anavyoleta kielelezo. Nyama juu inapakaa kama siagi, ukitafuna ndani unasikia mshipa. Aliloweka usiku kucha kwenye papai bichi lililosagwa, akidhani muda mrefu utaifikia ndani.

Haitaifikia. Papaini ni molekuli kubwa, inaingia ndani ya nyama milimita chache tu. Usiku kucha inakula juu palepale. Kisha ikaja motoni, na watu wengi hapa ndipo wanapokosea: papaini hupenda joto la nyuzi 60 mpaka 70. Kwenye friji inakata taratibu, ila mishkaki inapopita kwenye joto hilo juu ya mkaa ndipo inapokata kwa kasi kubwa, mpaka joto lizidi 80 ianze kufa. Kazi kubwa ilifanyika jikoni, mbele yake, wakati anapepea mkaa.

Nilimwambia hivi, na ndivyo ninavyofanya mwenyewe: vipande vidogo, vyenye unene sawa, choma choma kwa uma viungo vipate njia, kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililosagwa kwa kilo moja, saa moja, isizidi mbili. Chumvi, ndimu na viungo vingine viendelee kama kawaida. Papai liwe bichi la kijani, lenye utomvu mweupe. Likishaiva utomvu umepungua sana, na wanaolalamika kwamba "papai halikufanya kitu" huwa wametumia la juisi. Ukimenya mapapai mengi mabichi vaa glovu, utomvu huo hauchagui protini, na ngozi ya mkono wako nayo ni protini.

Kama nyama ni ya ng'ombe mzee na tatizo ni mishipa zaidi kuliko minofu, tangawizi mbichi inafanya vizuri, kwa kuwa zinjibaini yake inashambulia kolajeni, kamba ile ngumu ya mishipa. Nusu papai, nusu tangawizi, na hapo hujaharibu ladha.

Pweza wetu wa pwani naye ana kisa chake. Kuna wanaotia maganda ya papai bichi sufuriani wakapata pweza laini, na kuna wanaotia hayohayo wakapata raba. Tofauti ni maji. Ukitia maganda kwenye maji yanayotokota tayari, papaini inakufa kabla haijamgusa. Anza na maji ya vuguvugu, pandisha moto taratibu, mpe dakika kumi hivi kabla ya kutokota, halafu acha yachemke kawaida. Ukizidisha muda wa vuguvugu ngozi yote itabanduka na mikia itakuwa laini kama tambi zilizolala. Wanaompiga pweza jiweni, hawana haja na yote haya.

Jeli ya nanasi haishiki, na mtindi wa nanasi unakuwa mchungu

Ni jambo lilelile mara mbili. Nanasi bichi, zile tamu za Kiwangwa kule Bagamoyo, zina kimeng'enya kiitwacho bromelaini. Jeli ya gelatini ni protini, bromelaini inaikata mpaka inakuwa sharubati. Kwenye mtindi inakata kaseini, na baada ya siku moja unaonja uchungu uleule wa jibini iliyozidi reneti. Chemsha vipande vya nanasi dakika chache kabla ya kuchanganya, vipoe, basi. Nanasi la kopo limeshapata moto kiwandani.

Asiyetaka gelatini kwa sababu ya dini au shida hii, mwani wetu unaolimwa pwani hutoa karajini, kitu cha kugandishia jeli, na karajini ni jamii ya wanga, si protini. Bromelaini haina la kukata hapo.

Samaki: tumbo limepasuka, au mdomo unawasha

Tumbo la samaki kulegea na kupasuka saa chache baada ya kuvuliwa ni vimeng'enya vyake mwenyewe vya kusagia chakula. Samaki aliyekamatwa ameshiba ana vingi, na akifa hakuna wa kuvizuia visile ukuta wa tumbo. Mtoe matumbo mapema, au barafu mapema, na barafu iwe nyingi: kwa joto letu, uzito wa barafu uwe sawa na wa samaki.

La pili ni hatari zaidi, msilichukulie mzaha. Umekula vibua au jodari, anaonekana mzuri, dakika chache baadaye uso mwekundu, mdomo unachoma, kichwa kinagonga, pengine vipele. Wengi husema nina mzio wa samaki. Mara nyingi si mzio. Nyama ya samaki hawa ina histidini nyingi, moja ya viungo vidogo vya protini. Wakikaa kwenye joto, bakteria wanatoa kimeng'enya kinachogeuza histidini kuwa histamini, na ni histamini hiyo inayokuwasha. Tafadhali shika hili: histamini ikishatengenezwa haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kutia ndimu. Kimeng'enya kikishakuwepo kinaweza kuendelea taratibu hata kwenye friji, kwa hiyo kumtia kwenye barafu samaki aliyekwisha kukaa juani hakurudishi kitu. Ukinunua pale Deep Sea, wanakoshusha samaki hapa Tanga, nunua aliye ndani ya barafu tangu mwanzo, na uende nae nyumbani moja kwa moja, usipite sokoni kwanza. Mtu akishindwa kupumua baada ya kula, hospitali, usisubiri maziwa yafanye kazi.

Uji wa lishe wenye soya unanuka maharage mabichi, na mtoto tumbo linamvimba

Mambo mawili yanakutana. Harufu ni kimeng'enya cha soya yenyewe kinachoshambulia mafuta yake mara inapolowa na kupondwa. Tumbo kusumbuka linachangiwa na vizuizi vilivyomo kwenye soya mbichi, vinavyomfunga mikono tripsini, kibarua wa tumboni mwa mtoto anayetakiwa kukata protini. Protini inapita bila kusagwa. Mara hii tatizo si kibarua kuwa hai, ni kibarua kufungwa.

Vyote viwili vinakufa kwa moto wa maji. Kosa la wengi ni kutia soya kwenye maji baridi na kupasha taratibu, na hapo kimeng'enya cha harufu kinapata nusu saa nzima ya kujivinjari. Bandika maji kwanza. Yakitokota kwa nguvu ndipo soya iingie, kidogo kidogo ili yasiache kutokota, dakika 25 hivi. Toa, sugua maganda yabanduke, anika mpaka ikauke kabisa, ndipo upeleke mashineni.